Kijumba cha Tisa, Safu ya Pili

Rocca San Quirico, 12 Januari 2003

Kaka yangu Egidio,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Nélida, na Hugo na mkewe, na wale wajukuu ambao kila picha ikija nawakuta wamerefuka hata sijui yupi ni yupi. Mimi mzima. Goti huniuma wakati wa theluji, lakini mwaka huu theluji imetusahau, na goti nalo limenisahau.

Ahsante kwa simu ya Krismasi. Lakini unajua simu yetu ilivyo. Wewe unalia, mimi napiga kelele kana kwamba Argentina iko ng'ambo ya bonde, na mwisho tunaishia kuulizana habari za mvua. Barua ni bora. Kwenye barua hunikatizi.

Mwaka wangu wa kwanza wa ujane, bila Nazzareno, umekwisha. Watu walikuwa wakiniambia mwaka wa kwanza ndio mgumu. Sasa sijui watatafuta maneno gani. Nyumba nimeizoea, ila asubuhi mkono wangu bado unachemsha maji ya kusukutua koo lake kabla sijakumbuka. Nayamwagia ua la dirishani. Limenawiri. Lingekuwa na mdomo lingeimba kwaya.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka Tiranti mfamasia? Binti yake, Fosca, ndiye amepewa kuongoza ukumbi wetu wa opera. Alikuja Jumapili, akakaa jikoni, hata koti hakuvua.

"Mama Ersilia, ukumbi unakufa," akasema.

"Unakufa tangu nilipokuwa na meno ya utotoni. Kula keki."

"Safari hii ni kweli, mama. Wakili Ubaldi amesema opera ya Septemba ikiimbiwa viti vitupu kama ya mwaka jana, ndiyo ya mwisho. Ukumbi utakodishwa kwa mikutano ya wauza vifaa vya bafu."

Wakili Ubaldi siku hizi ni mwenyekiti wa Chama cha Wenye Vijumba, kama baba yake. Nawe unajua mambo yetu. Vijumba vyote vya watazamaji vinavyozunguka ukumbi, safu tatu, vina wenyewe, na wenyewe wengine wamekufa, wengine wamehamia Milano, na funguo wameondoka nazo. Kanuni ni ile ile: kijumba ambacho mwenyewe haji hakikaliwi na mtu, mpaka wote wenye haki nacho waridhie kwa mkono wao. Basi chini unaweza kumkuta mtu amekosa kiti, na juu vijumba vimefungwa giza kama midomo isiyo na meno.

Fosca anataka vifunguliwe. Anataka kuwaketisha watu wa viwanda vya viatu, wenyeji wetu na hawa Wamasedonia waliokuja kukata ngozi na kushona soli, watu wanaopita chini ya madirisha ya ukumbi kila asubuhi na hawajui ndani kuna rangi gani. Familia zote alizoziendea zimempa jibu moja: "Ersilia akifungua, nasi tutafungua." Chetu ndicho kilicho katikati, kimelitazama jukwaa uso kwa uso; kikiwa giza kila mtu anaona.

Kijumba ni changu na chako, baba alivyotuachia. Niandikie mstari mmoja kwamba umeridhia, utie sahihi. Nakuomba.

Dada yako,
Ersilia


Rosario, 20 Februari 2003

Dada Ersilia, bibi mwenye goti la kutabiri hali ya hewa,

Barua yako imekuja pamoja na joto ambalo linaoka mikate kabla sijawasha tanuri. Nélida anakusalimu. Anasema umtumie tena ile namna ya kutengeneza zeituni za kujaza nyama, maana alizotengeneza Mwaka Mpya zilifumuka zote ndani ya mafuta, tukala supu ya zeituni.

Duka sasa analiendesha Hugo, mimi nakaa kwenye kiti karibu na mlango kama picha ya mtakatifu. Wateja wananisalimu, wananiuliza mkate wa jana upo, nawaambia mkate wa jana ni mimi. Yule mjukuu mrefu ni Matías. Mfupi ni Lucio, lakini mpaka barua hii ifike huenda wamebadilishana.

Jumamosi husikiliza opera redioni. Nélida hufunga mlango wa jikoni, anasema nikiimba mbwa wa jirani hujibu.

Nazzareno namkumbuka. Sikuweza kuja kumzika, unajua. Najua kwamba unajua.

Jikinge na baridi. Wabusu wote wanaoniulizia, kama wamebaki.

Egidio

Ile habari ya kijumba nimeisoma.


Rocca San Quirico, 16 Machi 2003

Kaka Egidio,

Salamu kwa wote, na mwambie Nélida asikate nyama ya zeituni kwa haraka. Zeituni imenywe kwa mviringo kama unavyomenya chungwa, isikatwe vipande. Kisha unga, yai, chenga za mkate, halafu uiache ipumzike kabla ya mafuta. Mwanamke mwenye haraka hula supu.

Huku tumepata padri mpya, anahubiri kwa ufupi, tunampenda. Bibi Adalgisa wa duka la nyuzi amevunjika mkono akicheza dansi. Ana miaka themanini na moja. Amesema ulikuwa mdundo mzuri na hajuti.

Umesema umeisoma habari ya kijumba. Kusoma nakujua unasoma. Ulikuwa unanisomea mimi magazeti kabla sijaanza shule. Nilikuuliza jambo jingine.

Ngoja nikueleze Fosca alivyofanya, labda ucheke. Wiki iliyopita saa ya chakula alikwenda kiwandani, pale pale ulipokuwa ukifanya kazi wewe kabla hujapanda meli, akiwa na msichana mmoja mwimbaji mwenye sauti ya kwanza. Nikafuatana nao, kwa sababu mlinzi ananijua. Msichana akasimama kati ya masanduku ya viatu na akaanza kuimba, bila okestra, bila chochote. Mwanzoni watu waliendelea kutafuna. Kisha mzee mmoja akazima feni ili asikie. Msichana akaona haya, akanyamaza. Teresina Marcozzi, mshonaji, mwenye mdomo usio na mlango, akampigia kelele:

"Endelea dada! Bosi hayupo na mashine zimezimwa! Tukirudi kazini kabla hujamaliza, makosa ni yako!"

Msichana akamaliza. Msimamizi wa wakata ngozi, Mmasedonia mmoja anaitwa Blagoja, mabega kama kabati, akamuuliza Fosca:

"Hiyo opera yenu ya Septemba, anakufa nani?"

"Hafi mtu. Ni ya kuchekesha. Inaitwa *Harusi ya Msaga Unga*."

"Hafi mtu?" Akawageukia wenzake. "Basi tutakuja na watoto."

Wakacheka wote, na wengi wakaandikisha majina, Egidio. Sasa wana majina lakini hawana pa kukaa. Nimekwenda kwenye mazoezi ya kwaya juu ya duka la mikate, wale wenzake Nazzareno. Wamebaki wachache. Wanaimba na kutazamana kama watu wanaosubiri basi ambalo huenda limefutwa.

Niambie ndiyo. Au niambie unafikiri nini.

Ersilia


Rosario, 21 Aprili 2003

Ersilia,

Wote wazima. Pasaka ilikuwa njema.

Jibu langu ni hapana. Babu alikijenga kijumba kile kwa mkono wake baada ya ule moto uliounguza ukumbi, akapewa kiwe malipo yake, seremala pekee aliyekaa kati ya mawakili na madaktari. Mama alikaa pale na shali yake ya manjano. Hapo ni petu. Sitaki wageni wanaonuka gundi wakikaa juu ya viti vya watu wetu na kuweka vidole kwenye velveti.

Na wewe unayetaka sana kifunguliwe, umekaa humo lini mara ya mwisho? Kwenye barua zako umefika kiwandani, umefika kwenye kwaya, umefika kwa Adalgisa na mkono wake. Ndani ya ukumbi sijakuona.

Egidio


Rocca San Quirico, 11 Mei 2003

Kaka yangu,

Barua yako niliiweka mezani siku kadhaa, nikawa nazunguka meza kwa mbali kama kuku aliyeona nyoka. Sasa naijibu, na sijakasirika. Kidogo tu. Wageni wanaonuka gundi! Wewe uliondoka hapa ukinuka gundi hata meli nzima ilikujua. Mama alipofua shati ulilomwachia, gundi haikutoka, akalifua tena, kisha akaacha kulifua kwa kusudi.

Lakini umeuliza swali la haki. Sikuwa nimeingia ukumbini tangu Nazzareno afariki. Nilikuwa nafika mlangoni, nasalimiana na mfagiaji, naondoka. Yeye alikuwa akisimama jukwaani mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, na kila pazia lilipofunguka alikohoa kidogo. Mtu mwingine hakusikia. Ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu. Niliogopa kukaa pale pazia lifunguke na kikohozi kisije.

Baada ya barua yako niliona aibu, nikaenda. Nikapanda ngazi polepole, nikafungua. Vumbi, kaka, na harufu ile ya mbao na nta. Kwaya walikuwa wamekuja kujaribu jukwaa. Nikakaa. Pazia likafunguliwa, kikohozi hakikuja, nikalia, na kisha wakaanza kuimba na nikasahau kulia, kwa sababu Quinto wa besi aliingia mapema peke yake kama mbuzi aliyetoka zizini kabla ya wenzake, akasimama mdomo wazi, na wote wakafa kwa kicheko. Nami nilicheka hadi nikashika ubavu. Nilicheka peke yangu kwenye kijumba kitupu, na hicho ndicho kilichonisumbua. Nilitaka mtu wa kumpiga kiwiko.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upole, na sitakuuliza tena. Si gundi inayokuzuia. Nakujua tangu ulipokuwa ukificha mkate mfukoni kwa ajili ya mbwa. Ni nini?

Nélida amefanikiwa na zile zeituni?

Dada yako,
Ersilia


Rosario, 22 Juni 2003

Dada yangu Ersilia,

Nélida amefanikiwa. Hakuna iliyofumuka. Amejivuna wiki nzima, tumeshindwa kuishi naye.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hugo ananiuliza, baba, unaandika wosia? Nikamwambia naandika kwa shangazi yako, ni kazi ngumu zaidi.

Nilipoondoka nilimwambia mama naenda kwa miaka michache. Yeye akasema sawa, kiti chako pale tutakiacha wazi. Nadhani hata ulimsikia. Basi nikaja huku, nikaoa, nikachoma mikate, nikazeeka. Na kila Septemba, saa ya opera, nilikuwa namwambia Nélida, sasa hivi wanafungua pazia, na kiti changu kipo. Alimradi kijumba kimefungwa na hakuna aliyekaa pale, mimi nilikuwa nimesafiri tu. Mtu aliyesafiri hurudi. Lakini akikaa mtu mwingine, dada, basi mimi nimehama. Nina miaka sabini na miwili na daktari amenikataza ndege. Hilo la daktari sikukuambia. Usishtuke, ni moyo tu, unapiga ukiruka kama Quinto wenu wa besi.

Nilimsomea Nélida barua yako, pale ulipocheka peke yako. Akaniambia, "Egidio, wewe umeketi huku unalinda kiti, na dada yako kule hana wa kumpiga kiwiko. Hivi akili yako umeiacha kwenye tanuri?"

Ameongea kwa ukali zaidi, lakini mengine hayaandikiki.

Karatasi ya kuridhia imo humu, sahihi yangu na ya Hugo, wakili asije akatafuta sababu. Fungua. Waketishe wakata ngozi, na watoto wao, na huyo Teresina asiye na mlango mdomoni. Sharti langu ni moja: nani alikaa, alisema nini, alikula nini, uniandikie vyote. Usinirukie kitu.

Kaka yako mkate wa jana,
Egidio


Rosario, 15 Septemba 2003

Ersilia,

Nilipata kadi yako ya Julai yenye maneno mawili, "Ahsante. Tumefungua." Hiyo ni barua au simu ya upepo? Je, jirani zetu wa safu ya pili, kina Orsolini, wamefungua? Mawakili wamefungua? Tiketi zimekwenda? Jumapili hii ndiyo siku yenyewe na mimi huku nimekaa mlangoni nawauliza wateja wa mikate kana kwamba wanajua.

Andika!

Egidio


Rocca San Quirico, 24 Septemba 2003

Kaka yangu Egidio,

Salamu kwa wifi Nélida, ambaye namwinamia mpaka chini, na kwa Hugo na wajukuu wa urefu wote. Kuhusu moyo wako nimeshtuka japo ulinikataza. Sasa kaa vizuri kwenye kiti chako, mwambie Nélida akusomee kama miwani inakusumbua, na msiruke mstari.

Orsolini walifungua siku niliyopeleka karatasi yako. Kisha wa kijumba cha kumi, kisha wale wenye vijumba waliohamia Milano wakatuma funguo kwa posta. Safu ya pili yote ikafunguka, na ya tatu karibu yote. Mawakili wa safu ya kwanza walikuja wenyewe, nadhani kutazama tutakavyoaibika.

Tulianza Jumapili alasiri. Katika kijumba chetu tulikaa mimi, Blagoja mwenye mabega na mke wake Ljubica, Teresina, na nyuma yetu wasichana wa chumba cha kushonea waliopokezana kusimama. Kila mtu alikuwa amevaa kama anaolewa yeye. Nilileta zeituni. Ljubica alileta pilipili za kuchoma zilizosagwa, tukapaka kwenye mkate. Velveti imepata doa moja. Ni langu.

Pazia likafunguka. Nilishika ukingo wa kijumba kwa mikono miwili. Teresina akaniegemeza bega bila kusema, naye si mtu wa kutosema.

Watu walicheka tangu mwanzo, Egidio. Msaga unga anataka kuoa, mama mkwe hataki, na Ljubica ambaye hajui nusu ya maneno alikuwa akimwambia mumewe kwa sauti, "Huyo ni mama yako! Mtazame, ni mama yako kabisa!" Watoto wa safu ya tatu walining'inia kama nguo. Sijaona ukumbi ule ukiwa na joto hivyo tangu tulipokuwa wadogo.

Sasa sikiliza. Sehemu ya mwisho ndiyo harusi yenyewe. Bwana harusi ni tenori anaitwa Leandro Savelli, mtu wa Ancona, mwenye sauti nzuri na majivuno yanayoitosha. Akafika kwenye ile noti ya juu, akaishika, akaishika, na alipoiachia, Blagoja akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi uliotoboa dari. Akajibiwa kutoka kijumba cha kumi. Kisha safu ya tatu. Miluzi ikaruka ukumbi mzima kama mbayuwayu.

Savelli akaganda. Kiongozi wa okestra akabaki mikono hewani. Unajua kwetu mluzi ni nini. Mwimbaji aliyepigiwa miluzi hulala kitandani juma zima, na wengine huacha kazi. Savelli alivua kofia ya bwana harusi, akaiweka sakafuni taratibu kama anaweka taji kaburini, akatoka. Pazia likashuka.

Wakili Ubaldi akasimama kwenye safu ya kwanza, uso kama nyanya.

"Aibu! Nilisema mimi! Huu si uwanja wa mpira!"

"Kaa chini, wakili, utapasuka mshipa!" Teresina akamjibu.

"Nje! Watoke nje!" wakasema wengine wa safu ile.

Blagoja alikuwa amekauka kama ukuta. "Mama Ersilia, nimefanya nini?"

"Umempigia mluzi, mwanangu."

"Ndiyo. Si harusi?"

"Kwetu mluzi ni tusi. Ni kumwambia mtu ondoka, hufai."

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia mkate ni sumu. "Tusi? Kwetu harusi ikikosa miluzi bibi harusi hulia. Anajua hawakumpenda."

Kisha akachukua kofia yake. Ljubica akaanza kukusanya vyombo, macho chini. Nikatazama ukumbini, na katika kila kijumba niliona watu wa kiwandani wakisimama, wakivaa makoti, wakiwashika watoto mkono. Hawakugombana na mtu. Walikuwa wanaondoka kwa adabu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikajua kwamba wakishuka zile ngazi hawatapanda tena, na Ubaldi atapata wauza bafu wake, na kina Quinto hawatakuwa na pa kuimbia.

Mimi sina sauti, unajua. Mwenye sauti nyumbani kwetu alikuwa Nazzareno. Lakini nilisimama, nikayashika meno ya bandia kwa ulimi yasiruke, nikatia vidole viwili, nikapiga ule mluzi tuliokuwa tukiwaita bata bukini kule kwa mjomba. Kaka, ulitoka! Miaka sitini na ulikuwa unanisubiri! Ukumbi wote ukageuka kumtazama mjane wa kijumba cha tisa na vidole vyake mdomoni.

Nikapiga kelele kama nakupigia wewe simu: "Savelli! Rudi, mwanangu! Wamekupenda! Kwao ndivyo wanavyomshangilia bwana harusi! Wamekuoza, mjinga wewe, rudi ule karamu!"

Kisha nyuma ya pazia ukasikika mluzi mnene, wa besi, nikajua ni Quinto, na kwa mara ya kwanza maishani aliingia mahali pake. Kisha kwaya yote ikapiga nyuma ya pazia. Teresina akapiga. Bibi Adalgisa, aliyekuwa chini na mkono wake uliopona, akapiga. Mpiga filimbi wa okestra akapiga kwa filimbi, huyo tunamwita mwizi. Watu wa makoti wakasita pale walipokuwa, wakaanza kucheka, na makoti yakavuliwa.

Pazia likafunuka kidogo katikati, kichwa cha Savelli kikatoka.

"Mmenipenda kweli?"

"Kweli!"

"Basi nipigieni tena. Mara ya kwanza sikusikia vizuri, nilikuwa nakufa."

Tukampigia. Aliirudia ile noti, na safari hii aliishika muda mrefu hata kiongozi wa okestra akaketi. Tukaimaliza harusi. Mwishoni watu hawakutaka kutoka. Nilimwona hata wakili amekunja midomo anajaribu, ikatoka hewa tupu. Teresina akamwambia, "Wakili una pancha!" na mke wa wakili ndiye aliyecheka kuliko wote.

Chama kimekutana jana. Fosca alinijia mbio kutoka kwenye kikao, safari hii koti alivua. Mwakani opera ipo, na vijumba visivyo na watu vitafunguliwa vyote. Ubaldi alipiga kura ya "tutaona", na kwake hiyo ni ndiyo. Savelli ameomba yeye mwenyewe kurudi; amesema Ancona wanampigia makofi kama watu wanaokung'uta unga. Blagoja amejiunga na kwaya. Hajui noti hata moja, lakini nilimwambia alivyokuwa akisema Nazzareno, kwamba besi ni miguu ya meza: watu husifu sahani, hakuna anayeitazama miguu, ila iondoe uone. Anakuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, ananuka gundi, na anasimama mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Mimi ndiye niliyemwelekeza pale.

Nawe uliniambia nisiruke kitu. Kwenye kiti kile alikaa Ljubica. Aliniuliza, "Mama, hapa nimechukua mahali pa nani?" Nikamwambia: pa kaka yangu Egidio, anachoma mikate Rosario, ndiye aliyekualika. Akalirudia jina mara mbili ili alishike, kisha akawaambia wasichana wa nyuma, nao wakawaambia wa kijumba cha kumi. Kwa hiyo hukuhama, kaka. Watu ambao hawajakuona walikuwa wanakutaja huku midomo yao imejaa zeituni. Ukweli ni kwamba kijumba kilijaa hata ungekuja usingepata pa kukaa. Ungesimama mlangoni na wasichana, na ungeona vizuri tu.

Simu ya Krismasi usinipigie mapema, tutakuwa na mazoezi. Mwambie daktari nitamshitaki asipokutunza.

Jumapili, mkishakaa mezani, nitajeni na mimi. Nikumbuke, kaka.

Dada yako,
Ersilia